Video ya mazishi ya babu na flashi iliyoikataa

Mpiga video alinikabidhi faili moja ya giga 11: saa tatu za mazishi ya babu, toka mochari hadi mashada. Mama alitaka kuitazama kwa televisheni yake kule Luanda, Vihiga. Flashi yangu ilikuwa ya giga 16, tupu, lakini ikaikataa. Ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mtindo usiobeba faili moja inayofika giga 4, na televisheni ya mama haisomi mtindo mwingine.

Rafiki yangu wa Kondele, Kisumu, akanionyesha HandBrake, programu huria ya bure ya kubana video, iliyoanza mwaka 2003. Jina lenyewe ni breki ya mkono, na kwa laptopu yangu kuukuu lilifaa kabisa. Nikachagua H.265, mbinu mpya ya kubana video, kwa kuwa hubana zaidi. Feni ikalia usiku kucha, asubuhi nikapata giga 1.6. Nikapanda matatu ya Luanda nikijiona fundi.

Televisheni ikatoa sauti ya padri tu, kioo cheusi tii. Shangazi akasema, "Si neno, tunasikia." Mama alinyamaza, na hapo ndipo nilipoumia.

Televisheni ile ni ya zamani, H.265 haiijui. Niliporudi Kisumu nikaanza upya kwa H.264, mbinu iliyoitangulia. Kwa asilimia 80 stima zikapotea, na betri yangu ilishakufa kitambo. Nilibaki na faili nene isiyofunguka, maana faili ya video ya MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake, orodha ya kilipo kila kipande, mwishoni, kazi ikiisha.

Mara ya tatu nikatumia akili. HandBrake hukubali utaje sekunde ya kuanzia na ya kuishia, basi nikakata dakika moja tu, tena ile ngumu: kwaya ikicheza, leso zikipepea, migomba ikiyumba nyuma. Kila kinachosogea hula nafasi. Ubora hupimwa kwa namba ya RF; ikipanda, faili inapungua. Kwa 28 nyuso zikawa kama uji. Kwa 24 zilikuwa safi, na dakika hiyo ikawa megabaiti 17. Mara 180, kama giga 3. Nikaibana yote kwa 24; ikaingia, hata ikapungua hadi giga 2.6, kwa sababu hotuba za wazee hazina mtikisiko.

Nikaijaribu kwanza kwa televisheni ya jirani, kuukuu kama ya mama, ndipo nikasafiri.

Mama alitazama saa zote tatu. Kisha akanipa rimoti: "Nirudishie pale kwaya."