Sakafu ya Baba Chini ya Zulia

Fundi aliyekuja Jumanne kuangalia ukarabati wa nyumba ya Tukuyu aliniuliza swali la kawaida la kazi yake: "Sakafu hii ya zamani tuibomoe, au tubandike marumaru juu yake?" Nilimwomba anipe siku mbili nifikiri. Leo ni Ijumaa, maboksi ya marumaru yamepangwa barazani, na kila nikiyapita ninaukumbuka ule usiku wa Julai 2014 ambao Baba na mimi tulilala juu ya kasino, mjini Mbeya.

Baba alikuwa na miadi ya macho katika hospitali ya rufaa Jumatatu asubuhi. Mimi nilishuka na ndege Songwe siku iliyotangulia, nikamkuta stendi akiwa na kikapu chake na koti zito, kwa kuwa Julai ya Mbeya haina huruma na mtu mzima. Alitaka tukalale kwa Shangazi, mtaa wa Soweto. Nikakataa. Nilikuwa nimekwisha kulipia chumba katika hoteli iliyotangaza kwamba vyumba vyake vyote vimekarabatiwa upya, na nilitaka kwa moyo wote alale mahali penye blanketi nene na maji ya moto.

Teksi iliposimama mbele ya hoteli, Baba hakushuka. Alilitazama jengo kwa muda mrefu, akiyakaza macho yake ambayo wakati huo yalikuwa yanaona ukungu, kisha akasema, "Jengo hili nalijua." Mbele palikuwa pamefunikwa kwa vioo vya bluu na taa za rangi zinazowaka na kuzima, lakini ngazi za kuingilia zilikuwa zilezile za zamani, na ni hizo alizozitambua.

Chumba kilinukia rangi mbichi na gundi. Godoro lilikuwa bado na nailoni pembeni, na marumaru mapya yalikuwa yamepandishwa juu ya sakafu ya awali hata ikabidi mlango wa bafu ukatwe chini, mbao ikabaki nyeupe bila vanishi. Nilianza kulalamika kwamba maji ya moto hayatoki. Baba hakulalamikia chochote. Alikuwa anazunguka chumbani akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza: bodi ya jipsamu ilikuwa ikiitika kama debe, mpaka alipofika pembeni ya dirisha, pale bodi ilipoishia, sauti ikawa nzito. "Ukuta wenyewe ndio huu," alisema. Halafu akapitisha kiganja kwenye kona na kumsifu aliyeipaka rangi, kwamba ana mkono. Sikuzote alikuwa hivyo. Kazi nzuri ya mtu mwingine hakuipita kimya.

Chini yetu mashine zilikuwa zinalia, milio midogo isiyokoma. Baba aliketi kitandani akaniambia kwamba pale chini palikuwa ukumbi wa chakula, na kwamba sakafu ya ukumbi ule aliisugua yeye.

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nilijua kwamba mwaka 1974 alikuja Mbeya kutoka Tukuyu kutafuta kazi ya reli ya TAZARA iliyokuwa inajengwa, na kwamba aliikosa. Sikujua kwamba siku chache baadaye alichukuliwa na kikundi cha mafundi wa terazo. Akanieleza kazi yenyewe kama vile nami ningeianza kesho yake: saruji huchanganywa na chenga za mawe ya marumaru, humwagwa katikati ya vipande vyembamba vya shaba vilivyosimamishwa kuigawa sakafu, huachwa siku kadhaa ikishika, kisha husuguliwa kwa jiwe gumu na maji mpaka chenga zitokeze nyuso zao. Vitundu vinavyobaki huzibwa kwa uji wa saruji, halafu husuguliwa tena kwa jiwe laini zaidi, na mwisho hupakwa nta. Mashine ya kusugulia haikuweza kufika kwenye pembe, na yeye, kwa kuwa alikuwa kijana kuliko wote, ndiye aliyepewa pembe. Alizisugua kwa mkono, amepiga magoti kwenye maji, katika baridi kama hii.

"Twende nikaione," alisema.

Mlangoni mwa kasino palikuwa na tangazo la kuwakataza walio chini ya miaka 18, na kijana wa ulinzi aliyevaa suti.

"Shikamoo, mzee. Unakuja kucheza?"

"Marahaba, mwanangu. Sichezi. Naomba niangalie sakafu."

Kijana alinitazama mimi, nami nikainamisha uso. Namshukuru mpaka leo kwamba alisogea pembeni akatupisha.

Ndani hapakuwa na dirisha hata moja. Yale makubwa ambayo Baba aliniambia yalikuwa yanatazama mlima Loleza yalikuwa yamezibwa, na sakafu yote imefunikwa zulia jekundu lenye maua ya dhahabu. Watu walikuwa wamekaa mbele ya mashine, nyuso zao zikibadilika rangi kwa mwanga wa vioo, na hakuna aliyegeuka kututazama. Baba alipita katikati yao macho yakiwa chini, mkono mmoja ukipapasa migongo ya viti, hadi pembe ya mbali nyuma ya mashine ya mwisho. Hapo alipiga magoti, polepole, goti moja na kisha la pili. Akatafuta ukingo wa zulia ukutani, akauinua upana wa kiganja.

Chini palikuwa na vumbi la kijivu na michirizi ya gundi iliyokauka. Alilamba kidole gumba, akasugua. Akalamba tena, akasugua tena, kwa duara ndogo ndogo, mkono ukienda bila kusitasita kana kwamba haukuwahi kuiacha kazi ile, na palipolowa pakatokea chenga nyeupe, moja ya kijani, moja nyeusi yenye umbo la punje ya hindi, na kando yake mstari mwembamba wa shaba uliong'aa kidogo chini ya taa. Sidhani kwamba aliviona vizuri. Alivipitia kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, akafuata mstari wa shaba mpaka ulipogusana na ukuta.

"Ipo," alisema. Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamshukuru mtu, "Ndaga."

Nilimshika kiwiko nikamwinua. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ndilo linaloniuma: nilimwinua mimi, kwa haraka, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa amegeuka kutuangalia. Sijui kama yeye alikuwa amemaliza.

Kesho yake daktari alimkuta na mtoto wa jicho pande zote mbili, akapangiwa upasuaji, na baadaye akaona vizuri kwa miaka yake iliyobaki. Mbeya tulipita mara nyingi, lakini hakuomba tena kuingia mle.

Sakafu ya Tukuyu nayo ni yake, ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, na ina ufa unaotoka mlango wa jikoni hadi sebuleni, unaoingiza unyevu masika yote. Lazima itengenezwe. Zulia la kasino lilikuwa limelala tu juu ya terazo, lakini fundi amenieleza kwamba ili marumaru yashike, atalazimika kuichokoa sakafu yote kwa nyundo na patasi kwanza.

Amepiga simu jioni hii kuuliza kama aje Jumatatu. Nimemwambia aje, aanze na bafu.