Mkono wa Kukunia Nazi

Nilikatwa mkono, na leo nimeamua mkono bandia wa kuvaa. Nachukua kulabu.

Kwetu Mikindani kila mtu ana lake. Shangazi anataka mkono wa sura, ule wenye vidole na kucha, nivae niende nao harusini bila kukodolewa macho. Namwelewa, ananionea uchungu. Lakini vidole vile havifumbi wala havifumbui. Vitaegemeza karatasi nikiandika, basi. Mdogo wangu naye kaona kwenye simu mkono wa umeme: vipokezi vinagusa ngozi ya kigutu, vinasoma misuli inavyokaza, mota inafumba vidole. Ni kazi nzuri ya binadamu, sikatai. Ila unataka kuchajiwa mara kwa mara, hautaki maji, na jasho likijaa ndani ya soketi, yaani kikombe kinachovishwa kigutu, vipokezi hupotea njia. Desemba yetu hii, na chumvi ya bahari hewani! Ukiharibika, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500.

Kulabu alibuni mtu aliyekuwa na shida kama yangu. David Dorrance, Mmarekani, alipoteza mkono kwenye kiwanda cha mbao mwaka 1909, na mwaka 1912 akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kulabu ya vipande viwili. Mpaka leo kanuni ni ile ile. Mkanda unazunguka bega la mkono mzima na kuvuka mgongoni. Ukisukuma bega mbele, waya unavutika, kulabu inafunguka. Ukilegeza, mipira ya kuvutika iliyozungushwa kwenye kulabu inaifunga. Ukitaka ibane zaidi, unaongeza mpira. Na waya wenyewe ni wa aina ile ile ya breki za baiskeli. Niliposikia hivyo moyo ulitulia, maana mafundi baiskeli wamejaa hapa.

Nimekaa nikazipitia kazi zangu moja moja. Kusonga ugali: kulabu itashika sufuria ya moto, chuma hakiungui. Kubangua korosho: mafuta ya ganda yanachubua vidole, chuma hayakiwezi. Kukuna nazi ndiko kulikonitesa kuliko yote tangu nikatwe. Kwa mkono mmoja nazi inazunguka inavyotaka, meno ya mbuzi yanakukosakosa. Nilipojaribishwa kulabu, niliibana nazi ukingoni ikatulia, na tui la siku ile nilikamua mwenyewe.

Ina taabu zake. Haina hisia, kwa hiyo lazima macho yafuate kila unachoshika. Bega linachoka, mkanda unakwaruza kwapa. Na kumsuka binti yangu bado. Nywele zinateleza katikati ya vyuma, naye anavumilia kichwa kimeinama, hasemi kitu. Hilo linaniuma kuliko macho ya harusini. Fundi wa viungo bandia anasema kuna kulabu zilizowekwa mpira kwenye sehemu ya kubania, vitu haviponyoki ovyo. Nimemwomba hiyo.

Nimemwomba pia kifundo cha skrubu, kulabu ifunguliwe na kitu kingine kifungwe pale pale. Yaani mkono wa sura unaweza kuja baadaye, kwenye soketi hiyo hiyo, kwa siku za shughuli. Nimempigia shangazi kumweleza. Amesema atachangia, na rangi ya ngozi atachagua yeye.