Siku moja maishani mwangu: nafunga vikao hewa Pipeline

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka matatu Outering Road, nanunua chai na mandazi mawili, na kabla sijafungua ofisi nimeshaangalia kwenye simu kama rauta zetu zote, vile visanduku vinavyosambaza Wi-Fi kwenye majengo, ziko hewani. Ofisi ni chumba kimoja cha chini hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi. Tunauza Wi-Fi kwa tokeni: unalipa kwa M-Pesa, unapata namba, unaingia. Watu wakisikia nafanya kazi ya mtandao hudhani nashinda juu ya paa nikivuta nyaya. Wenzangu ndio hupanda. Mimi natunza daftari la nani yumo na nani ametoka, na daftari hilo ndilo pesa za watu.

Asubuhi inapita kwa tokeni zilizoandikwa vibaya na landilodi mmoja anayetaka rauta ihamishwe. Saa sita nala githeri.

Saa nane na dakika chache stima inapotea.

Hapa ndipo kazi yangu inapoanza. Mteja akiingia, rauta huiambia seva, kompyuta inayotunza daftari, kwamba ameanza. Kila dakika 10 hurudi kusema bado yupo, ametumia kiasi hiki. Akitoka, husema ametoka. Kuanzia kuingia mpaka kutoka, hicho ni kikao kimoja. Mfumo wenyewe unaitwa RADIUS, ulibuniwa 1991 enzi za kuingia mtandaoni kwa simu ya waya, na bado ndio unaotubeba. Lakini stima ikikatika, rauta huzima bila kuaga. Kwa seva, mteja bado yumo. Kikao hicho sisi tunakiita kikao hewa, kama mfanyakazi hewa: jina liko kwenye orodha, mtu hayupo. Na kwa kuwa tokeni moja ni ya simu moja, mwenye tokeni akirudi anazuiwa na kivuli chake mwenyewe.

Saa tisa u nusu stima inarudi, na simu ya ofisi haipoi tena. Rauta ikiwaka hutakiwa kuitangazia seva kwamba imeanza upya, ili vikao vyake vya zamani vifungwe vyote. Ila rauta huwaka upesi kuliko antena ya paa inayoiunganisha na seva. Tangazo linatumwa njia haijafunguka, linarudiwa mara tatu, kisha rauta inaacha. Nafungua jedwali: zaidi ya vikao mia mbili, safu ya mwisho, ya saa ya kutoka, iko tupu.

Mama mmoja anapiga simu mara nne, ya tano anakuja mwenyewe, leso kiunoni, simu mkononi.

“Niitie fundi.”

“Ni mimi, mama.”

“Basi nirudishie pesa yangu. Imeandika tokeni inatumika. Inatumika na nani? Mtoto ana masomo!”

“Hakuna aliyeichukua, mama. Nipe dakika.”

“Dakika ngapi? Nyinyi kazi yenu ni kula tokeni za watu!”

Neno hilo linaniuma, kwa sababu kulikuwa na wakati ambapo lilikuwa kweli. Tazama kikao chake. Kimeanza saa saba na dakika 5. Ujumbe wa mwisho umefika saa nane na dakika 5. Sasa ni saa kumi na robo. Tokeni yake ni ya muda wa saa tatu. Skripti niliyoikuta hapa, programu ndogo ya kusafisha daftari, ilikuwa inafunga kikao hewa kwa saa ya sasa. Kwa hesabu hiyo mama ametumia saa tatu na dakika 10, tokeni imekwisha, hali karibu nusu yake alikuwa gizani. Niliiandika upya: kikao hufungwa kwa saa ya ujumbe wa mwisho. Dakika chache kati ya ujumbe huo na giza, tunampa mteja. Bosi alilalamika. Nilimwambia dakika hizo ni zetu kupoteza, si zao.

Wala siwezi kufuta vyote kwa mkupuo. Kuna majengo yenye betri, rauta zake hazikuzima, na humo watu wako hai. Nikiwafungia kwenye daftari tu, wataendelea kutumia bila kuhesabiwa. Nikiamuru rauta iwakate, nitamkata mtu katikati ya simu ya kazi. Kwa hiyo naiuliza kila rauta: wewe una nani sasa hivi? Nalinganisha na jedwali, jengo kwa jengo, mama akiwa amesimama nyuma yangu anahema.

Yake nafunga kwanza. Anajaribu. Inaingia. Inasoma zimebaki saa mbili. Anaiangalia kwa muda, halafu anaondoka bila neno, anapiga ngazi mbio.

Baada ya hapo sijui saa. Macho yanawaka, mgongo umekufa, chai imepoa mezani. Namaliza jengo la mwisho giza likiwa limeingia, kisha naandika mstari mmoja kwenye rauta zote: ukiwaka, usitangaze chochote mpaka seva ikujibu.

Kabla ya kuzima kompyuta natafuta tokeni ya yule mama. Ina mistari miwili. Wa kwanza, saa moja. Wa pili, saa mbili, umekwisha saa kumi na mbili na robo. Sababu ya kufungwa: muda umekamilika.