Kichomeo cha gesi cha kuotea moto uani: anza na mtungi

Mtu akiniambia anatafuta kichomeo cha gesi cha shimo la moto uani, swali langu la kwanza ni hili: utatumia mtungi gani? Wengi wanashangaa, kwa sababu wamekuja na picha kwenye simu. Wanaona ndimi za moto zimefika kiunoni, mawe meusi yamepangwa vizuri, watu wameshika vikombe. Mtungi hauonekani kwenye picha hizo, na ndio unaoamua kila kitu.

Nimelifuatilia jambo hili kwa sababu ya mama yangu. Ana pumu. Kila Julai huja kutoka Murang'a kwa kliniki yake na kukaa nasi hapa Lang'ata, na Julai ya Nairobi mnaijua: mawingu tangu asubuhi, jua linachungulia saa nane halafu basi, usiku baridi inashuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Mama hawezi kukaa sebuleni jioni nzima akitazama televisheni. Amezoea kuota moto huku akipiga gumzo. Kuni zinamletea kikohozi kabla hajamaliza chai, na jiko la makaa watu huishia kuliingiza ndani baridi ikizidi, jambo ambalo limeua familia nzima nzima katika nchi hii. Nikaamua atapata moto wake, nje, bila moshi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapouziwa kitu kisichowafaa. Kichomeo huuzwa kwa namba ya BTU. BTU ni kipimo cha joto, na namba ya kichomeo ni joto linalotoka kwa saa moja. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina BTU 47,000 hivi. Kichomeo cha BTU 90,000 basi kinakula karibu kilo mbili kwa saa. Mtungi wa kilo 13, ambao jikoni unaweza kukufikisha mwezi na zaidi, kitaumaliza kwa chini ya saa saba. Sahani kubwa ya jiko la kawaida la gesi ni kama BTU 10,000, kwa hiyo ni sawa na kuwasha sahani tisa kwa mpigo.

Pesa ni shida moja. Ya pili wauzaji wengi hawaitaji. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, inachezacheza kama maji, na ili itoke ni lazima ichemke igeuke mvuke. Ikichemka inanyonya joto kutoka kwenye chuma cha mtungi wenyewe, na chuma kinanyonya kutoka kwenye hewa iliyokizunguka. Ukivuta gesi taratibu, hewa inawahi kurudisha joto. Ukiivuta kwa kasi, mtungi unapoa, unatoa jasho, halafu unaganda utando mweupe kuanzia chini. Shinikizo linashuka na moto unanywea ilhali nusu ya gesi bado imo. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani hugoma karibu na sifuri. Usiku wa Julai, mtungi ukiwa umeshapoa, propani inatangulia kutoka na butani inabaki imelala chini. Hapo ndipo mtu hulaumu kichomeo, au duka lililomjazia mtungi. Tafadhali, usiumwagie mtungi maji ya moto wala usiusogeze karibu na moto ili "uamke". Punguza moto, au gawa mzigo kwa mitungi miwili.

Nilipofika kwa fundi wangu kule Kariobangi Light Industries alikuwa na vichomeo viwili mezani. Akagonga kikubwa kwa kidole.

"Madam, chukua hii ya elfu tisini. Hii ndiyo moto. Hiyo ingine ni ya hoteli ndogo."

"Fundi, mimi nina mitungi ya kilo kumi na tatu. Miwili."

Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa midomo. "Basi chukua hii ya hamsini na tano. Hiyo kubwa itakulilia."

Namheshimu kwa hilo. Angeweza kuniuzia kubwa na faida ikawa kubwa pia.

Jambo jingine ambalo Nairobi inalidai ni mwinuko. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya futi 5,500, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kichomeo kilichopimwa kiwandani usawa wa bahari kinaachia gesi ile ile, lakini kila pumzi ya hewa inayoingia nayo ina oksijeni pungufu. Matokeo yake ni moto mrefu wa njano, mvivu, unaopaka mawe masizi. Kanuni inayotumika sana Marekani ni kupunguza nguvu ya kichomeo kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kwa Nairobi hiyo ni kama asilimia 22. Kichomeo changu cha 55,000 hapa kinapaswa kuhesabiwa kama 43,000 hivi.

Kupunguza huko hufanywa kwenye jeti, kile kipande kidogo chenye tundu ambamo gesi inapita kuingia kwenye kichomeo. Fundi alikifungua changu akakiweka kwenye kiganja changu. Ni kidogo kuliko ncha ya kidole, cha shaba ya manjano, kina namba iliyogongwa ubavuni, na tundu lake huwezi kuliona mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Kando yake akaweka kingine, tundu jembamba zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa macho yangu vilikuwa sawa kabisa. Alipofunga cha kwanza na kuwasha, ncha za moto zilikuwa za rangi ya chungwa iliyokolea, na kijiko alichokipitisha juu yake kikatoka cheusi. Akafunga cha pili, akazungusha kidogo kile kifuniko cha kuingizia hewa, na moto ukatulia: buluu chini, njano safi juu. Kijiko kikatoka safi. Muuzaji asiyejua kukuonyesha jeti ya kichomeo chake, au asiyeweza kukuambia namba yake, mwache na kichomeo chake.

Wanaoagiza mtandaoni kutoka nje waangalie jambo hili hasa. Vichomeo vingi vya Marekani vimetengenezwa kwa gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba hadi nyumbani, na huandikwa NG. Sisi hapa hatuna bomba la namna hiyo nyumbani. Tuna mtungi, ambao wao huuandikia LP. Gesi asilia ina joto pungufu kwa ujazo ule ule na huja kwa shinikizo dogo zaidi, kwa hiyo jeti yake ina tundu kubwa. Ukiifunga kwenye mtungi wetu unapata moto wa kutisha na masizi hadi kwenye dari ya baraza. Tena kichomeo cha mtungi ni lazima kiwe na sehemu ya kuchanganya hewa kabla gesi haijafika kwenye matundu. Ukiona bomba tupu lisilo na sehemu hiyo, si chako.

Umbo ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Bakuli la mviringo, chukua duara. La mraba, chukua umbo la herufi H. Kama ni mfereji mrefu, bomba lililonyooka. Acha nafasi ya kutosha kati ya kichomeo na ukuta. Napenda duara mbili, moja ndani ya nyingine, kwa sababu moto unajaa katikati hata ukiwa umeupunguza. Matundu yawe ubavuni au yaelekee chini. Yakielekea juu, mvua za Aprili zitayajaza maji na vumbi la Januari litamalizia.

Chuma kina uzito zaidi kwenye uamuzi. Mafundi wa jua kali watakukunjia bomba la chuma cha kawaida kwa bei nzuri, na kwa msimu mmoja litawaka sawasawa. Baadaye kutu inakula matundu, yanapanuka hapa na kuziba pale, moto unakuwa mrefu upande mmoja. Omba stenlesi ya 304, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na jaribu kwa sumaku: ikinata kwa nguvu, hiyo siyo. Shaba ya manjano ni bora zaidi, ukiweza gharama yake.

Kuhusu mawe, tuna bahati. Mawe mekundu na meusi ya volkano, yale yenye vitundu, yanauzwa na wapamba bustani kandokando ya barabara, na yanahimili moto kwa sababu yametoka kwenye moto. Yapange legelege juu ya kichomeo na usizibe mahali pa kuingizia hewa. Kokoto za mtoni usiweke kamwe, hata kama zinapendeza. Zina maji ndani, na maji yakigeuka mvuke jiwe hupasuka na kurusha vipande usoni mwa watu. Vivyo hivyo mawe ya Ndarugu, yale ya kujengea nyumba, yanafaa kwa ukuta wa nje tu. Ndani yake panga matofali ya kuhimili moto, au tenganisha kwa bakuli la chuma.

Usiku wa Februari 1, 2024, kule Embakasi, gari lililokuwa limebeba gesi lililipuka, moto ukaingia kwenye nyumba na maghala, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Kila ninapofungua vali nakumbuka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikapotea, inatambaa chini na kujaa kwenye shimo kama ulilochimba mwenyewe. Kwa hiyo shimo lako la moto liwe na matundu ya kupitisha hewa chini kabisa, pande mbili zinazotazamana, kila moja la ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa au zaidi. Ni heri ulijenge juu ya ardhi kuliko kulichimbia chini. Mtungi usimame wima, mbali na moto, mahali penye hewa. Kila kiungio kipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha, na usiwe na haraka: kiungio changu kimoja kilikaa kimya nikadhani kimepona, kisha kipovu kimoja kikaanza kuvimba polepole, kikapasuka, kikaja kingine mahali pale pale. Fundi alikaza kwa nusu mzunguko tu kikaisha. Pua isingekigundua kwa upepo ule.

Kama unawasha kwa kiberiti, njiti itangulie ndipo ufungue gesi. Moto ukizimwa na upepo, funga, subiri dakika tano gesi itawanyike, ndipo uwashe tena. Na kama kuna watoto nyumbani, lipia zaidi upate kichomeo chenye thamokapo, kile kijiti kinachohisi joto na kufunga gesi chenyewe moto ukizimika. Kwangu mimi hili halina mjadala.

Soma pia regyuleta, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi. Imeandikwa inapitisha kilo ngapi kwa saa na kwa milibari ngapi, yaani kipimo cha shinikizo. Za nyumbani huwa karibu milibari 30. Kichomeo kikidai kilo moja na nusu na regyuleta inapitisha moja, utapata moto wa kilo moja, hata ungenunua kichomeo cha dhahabu.

Wageni huuliza kama tunaweza kuchoma mbuzi juu yake. Hapana. Mafuta yanadondokea kwenye mawe na kuziba matundu, na nyama yenyewe haipati ile harufu. Mbuzi ana jiko lake la makaa pale kando ya ukuta, na mama hukaa upande ule upepo unakotoka.

Mwisho, namna ya kujua kama ulichouziwa ni kweli. Chukua mizani ya bafuni, pima mtungi, washa moto kwa saa moja, upime tena. Kilo zilizopungua zidishe kwa 47,000 na hiyo ndiyo BTU unayopata nyumbani kwako, chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Changu kilipunguza gramu 900 hivi, ambazo ni kama BTU 42,000, karibu kabisa na hesabu ya mwinuko. Kwa mitungi miwili kila mmoja unatoa chini ya nusu kilo kwa saa, na sijaona utando mweupe. Mwenye mtungi wa kilo 6 pekee asizidi BTU 20,000, achukue bakuli dogo la mezani, na viti visogezwe karibu.