Baba mlangoni, na picha tisa

Baba alikaa kwenye kiti mlangoni, mgongo ameupa uwanja. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Mimi nilikuwa ndani, namtazama. Niliona mikunjo ya uso wake, mvi za kidevuni, na nyuma yake nguo zilizoanikwa kambani, na juu yake mawingu. Vyote kwa pamoja. Nikatoa simu, nikapiga.

Picha ilinionyesha mlango mweupe pee, na katikati yake kivuli cheusi chenye umbo la baba. Nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga uongezeke. Uso ukatokea, lakini kamba, nguo na mawingu vikamezwa na weupe. Nikapiga tena na tena, picha tisa. "Bado tu, mwanangu?" akauliza.

Siku ile niliilaumu simu, ambayo kweli imezeeka. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, nyingine za giza, nyingine za mwanga, kisha huziunganisha kuwa moja. Baadaye nilipoanza kusoma habari za macho ndipo nilipogundua kwamba simu hizo zinajaribu kuiga kitu ambacho mimi nilikuwa nakifanya pale ndani bila kujua. Sikuviona vyote kwa pamoja hata kidogo. Nilitazama uso, nikatazama nje, nikarudi usoni, na kila mara jicho lilijipima upya. Nilidhani kazi hiyo ni ya mboni, kumbe mchango wake ni mdogo. Kwa kijana, mboni hupanuka kutoka kama milimita 2 kwenye jua kali hadi kama 8 gizani, yaani huongeza mwanga mara 16 tu. Sehemu kubwa hufanywa na retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ambao chembe zake hujirekebisha zenyewe kulingana na mwanga unaoziangukia. Kamera yangu ilikuwa na kipimo kimoja kwa baba na kwa jua.

Kuna jaribio ambalo nimelifanya mara nyingi mno. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba. Upana wake ni kama digrii 2, na eneo unaloliona kwa ukali wa kweli halizidi sana hapo. Weka ukurasa wa maandishi kando ya ukucha huo, ujaribu kuusoma bila kuhamisha macho. Huwezi. Kwa hiyo macho hurukaruka, kama mara tatu kila sekunde, na ubongo hushona vipande hivyo kuwa chumba kizima. Kila yanaporuka, ubongo hufunika ule mruko usiuone. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, rudia. Hutayaona macho yako yakitembea, ingawa aliyesimama kando yako anayaona waziwazi. Nilipolijaribu mara ya kwanza nilisisimkwa mwili mzima.

Rangi nazo zina mambo yake. Jioni ya siku ile nilimpiga baba picha nyingine chini ya taa ya balbu. Shati lake lilikuwa jeupe, niliapa ni jeupe, lakini kwenye picha likawa njano. Balbu ile kweli hutoa mwanga wa njano. Ubongo wangu ulikuwa umeshaukadiria na kuuondoa, na simu haikufanya hivyo. Wakati mwingine ubongo nao hukadiria vibaya. Mwaka 2015 watu duniani kote walibishana juu ya picha ya gauni moja, wengine wakiliona buluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu. Lilikuwa buluu na nyeusi. Mimi niliona dhahabu, na hadi leo naiona.

Wiki iliyofuata nilizifungua zile picha tisa ili nifute zilizoharibika. Ya tisa niliipiga baba alipokuwa amechoka kungoja, anainuka kitini. Uso umetoka vizuri, nje hakuna kitu. Lakini pembeni, chini kidogo, mkono wake wa kulia umeshika fremu ya mlango, vidole vimekaza, mishipa imetokeza.

Sikuuona mkono ule. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na macho yangu yalikuwa usoni, ambako alikuwa anatabasamu. Kamera haikuchagua pa kutazama.

Nikampigia. Nikamuuliza magoti yanaendeleaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yanamsumbua tangu mwezi uliopita, ila hakutaka kunitia wasiwasi.