Neno "chumvi"

Mchezo wetu mdogo wa kuigiza wahusika mtandaoni sasa una lugha za kujifunza, na jana nimeonja utamu wake.

Wazo nimelitoa EverQuest, mchezo wa mwaka 1999. Humo mwenzako akisema lugha usiyoijua, maneno hukufikia herufi zikiwa zimevurugika. Kadiri unavyomsikiliza mkiwa kundi moja, ujuzi wako hupanda hadi 100 na maneno hufunguka. Kasoro yake ni kwamba watu walikaa wakirudia ujumbe uleule mpaka wafike. Kwetu nimeweka sharti: sentensi iliyokwisha kusemwa haikupandishi.

Wiki tatu mhusika wangu, mfua vyuma, amekaa bandarini na mabaharia bila kuambulia kitu. Nilisoma herufi tupu, lakini nikajua nani kakasirika, nani anatania. Jana, katikati ya vurugu ile, likatokea neno moja safi: "chumvi". Jamani, nilisimama! Dada anayeigiza nahodha hakujua nimeanza kuelewa, akaendelea kupanga bei mbele yangu.

Bado sijamwambia. Kesho shehena inashushwa, nami nitakuwepo gatini.