Kinyama cha jicho: ayurveda ilinisaidia wapi, na wapi niliiwekea mpaka

Kinyama changu kilianzia upande wa puani, kwenye weupe wa jicho, kikawa kinatambaa taratibu kuelekea kwenye duara jeusi. Hakiumi. Kinachokera ni mwasho, wekundu wa jioni na kuhisi kama kuna mchanga chini ya kope. Daktari wa macho alikiita pterijiamu. Akanieleza kuwa si saratani, kwamba jua, upepo na vumbi hukichochea, na kwamba hakuna dawa ya matone inayokiyeyusha. Tungekuwa tunakipima.

Kisu nilikiogopa, nikaenda kwa mtaalamu wa ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, aliyesomea shalakya, tawi lake la macho, masikio, pua na koo. Alichoniambia sikukitarajia. Tiba yao inakifahamu kinyama hiki tangu kale kwa jina la arma, na Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha Wahindi kinachosifika kwa upasuaji, kinataja aina zake tano. Kilicho chembamba kinatibiwa kwa dawa. Kilicho kinene kama ngozi, au kilichokwisha kuingia kwenye duara jeusi, kikatwe. Na namna ya kukinasa kwa ndoano imeelezwa humo humo. Basi wanaotangaza matone "ya asili" ya kukiondoa kinyama cha aina yoyote bila kisu wanaahidi ambacho hata wazee wa fani hiyo hawakuahidi. Kujua hivyo kulinipa utulivu mkubwa. Nikaamua: mwasho nitautuliza kwa njia zote salama, kinyama chenyewe nitamwachia mwenye kukipima.

Trifala ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa: amalaki, haritaki na bibhitaki. Kimapokeo, maji yake huoshewa macho. Hapo nilikataa. Maji ya kuchemshwa nyumbani na kuchujwa kwa kitambaa hayafikii usafi wa dawa ya macho. Chembe za unga hukwaruza konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na vijidudu vikipenya hapo huleta kidonda kinachoacha kovu. Asali nayo sikuiweka, wala wanja, kwa kuwa baadhi ya wanja umekutwa na madini ya risasi. Trifala niliinywa, na daktari nikamjulisha. Tumbo lililainika, jichoni sikuona tofauti. Tarpana, ile ya kulizungushia jicho ukuta wa unga uliokandwa na kumimina samli vuguvugu ndani yake, daktari hakuiafiki kwa jicho lililovimba, nami nikaiacha.

Faida niliipata kwenye maelekezo ambayo wengi huyaruka wakikimbilia dawa. Miongoni mwa visababishi vya maradhi ya macho, kitabu kile kinataja moshi, vumbi, kuvuruga usingizi, na kuingia majini ghafla mwili ukiwa na joto la jua. Ukiacha hilo la maji, ni yale yale aliyonisisitizia daktari! Nikayashika kwa dhati: miwani ya jua inayoziba hadi pembeni, kofia ya ukingo mpana, kukaa mbali na moshi, kulala mapema. Jioni nilifumba macho na kuyawekea kitambaa safi chenye maji baridi, na mchana nikatumia machozi bandia yasiyo na kihifadhi. Mwasho ulipungua kwa namna ya wazi kabisa, na wekundu ukawa wa siku za upepo tu. Matone ya steroidi, yale makali ya kutuliza uvimbe na wekundu, sikuyagusa bila kuandikiwa, maana yanaweza kupandisha shinikizo la jicho.

Kinyama bado kipo, na vipimo vya karibuni havioneshi kuwa kimesogea. Kikianza kuikaribia mboni au kunipotoshea uoni, nitakubali upasuaji, ule wa kupandikiza kipande cha utando kutoka kwenye jicho lenyewe, kwa sababu kukikata tu na kuliacha jeraha wazi hukifanya kirudi mara nyingi. Daktari na mtaalamu wa ayurveda wote wawili wanalijua hilo, na wote wameliridhia.